Uzi: Kiwiko kinalipa deni la nyonga? Uchovu wa nyonga na uimara wa kiwiliwili kwa warusha mkuki

#1 MkukiMrefu (Singida)
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha michezo katika shule ya sekondari, na kila mwaka huwaandaa wanafunzi wa mkuki, tufe na kisahani kwa ajili ya UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Naleta jambo ambalo limenikosesha usingizi kwa muda wa mwezi mzima, nikiamini humu wamo wanaolijua kuliko mimi.

Njia yetu ya kukimbilia ni ya udongo mwekundu, na kabla ya kila mrusho huifagia kwa fagio la chelewa ili nione miguu imetua wapi. Nina binti wa kidato cha tatu anayerusha kwa mkono wa kulia, hivyo mguu wake wa mwisho kukita ardhini ni wa kushoto. Katika mirusho sita ya mwanzo alama ya kisigino chake ilikuwa fupi na ya kina, kama shimo la kupandia mahindi, na vidole vilielekea mkuki unakokwenda. Kufikia mrusho wa kumi na tano hivi alama ikaanza kurefuka, vidole vikafungukia kushoto, na katika mrusho wa ishirini mguu ulikuwa umeburuzika sentimita 19, nilizozipima kwa futi kamba. Hapo ndipo nilipoona kiwiko chake kinashuka chini ya bega wakati wa kuachia mkuki. Kesho yake akaja analalamikia maumivu upande wa ndani wa kiwiko.

Nilipomwuliza kama mkono ulichoka, alijibu kwamba mkono ulikuwa mzima kabisa, ila nyonga ya kushoto ilikuwa inawaka moto. Kwa hiyo nadai hivi: kiwiko cha mrushaji mara nyingi hulipa deni lililokopwa na nyonga. Swali langu ni kama tatizo liko kwenye misuli ya nyonga yenyewe, au kwenye kiwiliwili kinachoshindwa kubaki imara, au kwenye namna ninavyopanga mazoezi. Karibuni.

#2 Mdau wa Viwanja
Ahsante kwa mada, mwalimu. Mimi naona jibu ni jepesi: ni asidi ya laktiki iliyojaa kwenye misuli, nayo huondoka kwa kukandwa na maji ya moto. Isitoshe, mrusha mkuki Mkenya Julius Yego amechukua dhahabu ya Olimpiki kwa mtindo wa kuanguka kifudifudi kila anaporusha, na mtu anayeanguka namna ile hawezi kusemwa kuwa ana kiwiliwili imara. Pengine tunaipa nyonga hadhi isiyostahili.

#3 Nandi77
Mdau, turekebishe kwanza kumbukumbu. Dhahabu ya Yego ni ya mashindano ya dunia ya Beijing mwaka 2015, aliporusha mita 92.72 katika jaribio la tatu. Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alipata fedha kwa mita 88.24, na dhahabu ikaenda kwa Mjerumani Thomas Röhler kwa mita 90.30. Sisi wa Nandi hatuwezi kukosea tarehe hizo.

Kuhusu kuanguka, umeutazama mwisho ukauacha mwanzo. Itazame tena picha ya Beijing polepole. Mguu wa kushoto unakita na goti halikunjiki kwa kiasi cha kuonekana, na kwa kuwa sehemu ya chini imesimama ghafla, ya juu inapinduka juu yake kama mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti. Anaanguka baada ya mkuki kwenda zake, tena kwa sababu nyonga ile haikusalimu amri. Nimewaona vijana wa huku wakiiga kuanguka bila kuwa na mguu wa kukita, wakaishia kuchubuka viwiko na mkuki ukatua mita 45.

#4 TibaViungo (Mombasa)
Salaam kwa wote. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na kabla ya nadharia yoyote naomba mwalimu amsimamishe binti huyo kurusha hadi kiwiko kitazamwe hospitali. Kwa kijana ambaye mifupa yake bado inakua, maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko yanaweza kuwa ya sehemu ya mfupa ambayo haijaungana vizuri, na hapo hakuna nafasi ya kubahatisha.

Sasa nije kwenye hoja. Nguvu ya mrusho haizaliwi mkononi. Mwili mzima unakuja na mwendo wa mbio, mguu wa kushoto unaufunga breki, fupanyonga linageuka juu ya mguu huo uliosimama, kiwiliwili kinafuata, kisha bega, kiwiko na mwisho vidole. Kila kiungo hupokea mwendo kutoka kwa kilichotangulia na kuongeza wake. Daktari wa michezo wa Marekani, Ben Kibler, alipokokotoa mpigo wa kuanzishia mchezo wa tenisi aliona kwamba nishati itokayo nyonga na kiwiliwili ikipungua kwa asilimia 20, bega hulazimika kuongeza kasi ya kuzunguka kwa asilimia 34 ili mkono ufikishe nguvu ileile. Mkuki si raketi, lakini mantiki ya deni aliyoitaja mwalimu ni hiyohiyo.

Misuli ninayoishuku ni ile ya ubavuni mwa nyonga, iliyo chini kidogo ya mshipi, ambayo kazi yake ni kuzuia fupanyonga lisiinamie upande wa pili mtu anaposimama kwa mguu mmoja. Daktari mpasuaji wa Kijerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza kipimo chake mwaka 1895, nacho hakihitaji hata senti moja. Mwambie mwanafunzi avue viatu na asimame kwa mguu wa kushoto, wewe ukae nyuma yake. Kiuno cha kulia kikishuka, au akilazimika kulaza kiwiliwili kizima kushoto ili asianguke, basi misuli ya nyonga ya kushoto haijitoshelezi. Mfanyie kabla ya kurusha na umfanyie tena baada ya mrusho wa ishirini.

#5 Fundi Mizani
Namheshimu TibaViungo, ila nina shaka na neno uchovu. Umbali wa kitu kilichorushwa unakaribia kufuata kipeo cha pili cha kasi yake, kwa hiyo kasi ikipungua kwa asilimia 10 umbali hupungua kwa asilimia 19 hivi, ukiacha mambo ya upepo. Mwalimu hajatuambia kama umbali ulipungua. Kama alama ya mguu iliburuzika na umbali ukabaki palepale, kuna jambo jingine kabisa: huenda binti alikwisha kupata moto, akawa anakimbia kwa kasi kubwa kuliko mwanzo, na mguu ukaburuzika kwa sababu una mzigo mkubwa zaidi wa kusimamisha. Gari linaloburuza magurudumu si lazima liwe na breki mbovu, pengine dereva amekuja kasi. Halafu tusisahau kwamba ni udongo mkavu. Je, binti ana viatu vya njumu?

#6 Bi Maabara (Dodoma)
Naomba nimrekebishe Mdau kwa heshima. Asidi ya laktiki imesingiziwa kwa miaka mingi. Katika kazi fupi na kali kama mrusho, kinachotajwa zaidi siku hizi ni mabaki ya fosfati yanayorundikana ndani ya msuli na kuvuruga mshiko wa nyuzi zake, pamoja na upungufu wa kalsiamu inayotolewa ili msuli ujikunje. Akiba ya nguvu za harakaharaka huisha kwa sekunde chache, na sehemu kubwa yake hurudi ndani ya dakika tatu hadi tano za mapumziko. Maumivu ya kesho yake nayo si laktiki, kwa kuwa laktiki huwa imekwisha kuondoka ndani ya saa moja au mbili.

Upo pia uchovu ambao chanzo chake si msuli. Ubongo na uti wa mgongo huweza kupunguza amri zinazotumwa, msuli ukabaki na uwezo ambao hautumiki. Kwa hiyo nauliza: mwalimu, kati ya mrusho na mrusho binti alipumzika muda gani, na alifanya nini kabla ya kuanza kurusha?

#7 MkukiMrefu
Nashukuru sana kwa michango. Namjibu TibaViungo kwanza: binti amepelekwa, amepumzishwa kurusha kwa wiki tatu, na anaendelea vizuri.

Kwa Fundi Mizani: umbali ulipungua. Mrusho wake bora siku ile ulikuwa mita 34 na robo, na mitano ya mwisho haikufika mita 30. Njumu hana, anatumia raba za kawaida ambazo soli yake imelika.

Kwa Bi Maabara: alirusha peke yake kwa mikuki mitatu, na akimaliza mitatu alikimbia kuifuata na kurudi nayo akikimbia. Sidhani kama alipata zaidi ya dakika moja kati ya mrusho na mrusho. Kabla ya hapo walifanya mazoezi ya kupasha mwili, wakaruka kichurachura urefu wa uwanja mara mbili, kisha wakakimbia mbio fupi sita.

#8 Mama Kisahani
Mwalimu wangu, kichurachura urefu wa uwanja mara mbili, halafu unashangaa nyonga inawaka moto! Hapo fagio lako limekusaliti.

Nilirusha kisahani cha kilo moja kwa miaka kumi na miwili, na walimu wetu walikuwa na imani hiyohiyo kwamba mrushaji asiyetoka uwanjani akichechemea hajafanya mazoezi. Ila nataka kuwapinga nyote mnaoukodolea macho mguu wa kushoto. Mguu wa kushoto unaonekana kwa kuwa ndio wa mwisho na ndio unaoacha shimo. Kwenye duara la mita 2.5 mimi nilichoka kwanza nyonga ya kulia. Mguu wa kulia ukitua katikati ya duara lazima uendelee kuzunguka juu ya ukingo wa vidole bila kusimama, na nyonga yake ndiyo inayosukuma kiuno kitangulie mbele ya mabega. Nilipochoka, mguu ule ulitua na kuganda, soli yote ikilala chini. Mkono ulifika kabla ya kiuno, na maumivu yangu hayakuwa ya kiwiko bali ya mgongo chini upande wa kulia, ambayo mpaka leo hunikumbusha kila ninapoinua ndoo.

Kwa hiyo, kabla ya kuulaumu mguu wa breki, fagia na pale mguu wa kulia unapotua.

#9 TibaViungo
Shikamoo Mama Kisahani. Hoja yako naipokea, na inaweza kuishi pamoja na yangu. Mguu wa nyuma ndio unaoleta mwendo na wa mbele ndio unaougeuza kuwa mrusho. Wa nyuma ukichelewa, wa mbele unapokea mwili uliokwisha kufunguka.

Kuna jambo la maumbile linaloungana na maumivu yako ya mgongo. Ule msuli mpana unaotoka mgongoni chini na kupanda hadi kwenye mfupa wa juu wa mkono umeunganishwa, kupitia utando mgumu wa kiunoni, na msuli mkubwa wa kalio la upande wa pili. Mkono wa kulia na kalio la kushoto ni kama ncha mbili za kanga moja iliyofungwa kimshazari mgongoni. Ukilegeza ncha ya chini, ya juu haina cha kuvuta.

#10 Mama Kisahani
Marahaba mwanangu. Mfano wa kanga nimeuelewa, lakini kalio langu la kushoto halikuwahi kuuma hata siku moja.

#11 Baba Mrushaji (Houston)
Habari zenu. Huku mwanangu wa miaka 14 anarusha mpira wa besiboli, mchezo ambao mrushaji mmoja anaweza kurusha mara 80 au 90 katika mechi moja. Kwenye ligi za watoto za Little League idadi inahesabiwa kwa lazima: wa miaka 11 na 12 hawaruhusiwi kupita mirusho 85 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 16 mwisho wao ni 95, kisha wanapumzishwa siku kadhaa. Sababu ni viwiko. Ile operesheni ya kutengeneza upya kano ya ndani ya kiwiko, ambayo daktari Frank Jobe aliifanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa mchezaji Tommy John, sasa inawafikia hata vijana wa sekondari.

Nilichojifunza pembeni mwa uwanja ni kuutazama mkanda wa suruali. Mapema katika mechi, mwanangu anapokita mguu wa kushoto, mkanda hubaki umenyooka mlalo. Mechi ikifika mbali, upande mmoja hushuka, na mipira huanza kupaa juu ya eneo linalotakiwa. Kocha wake huanza kumwandaa wa akiba pale mkanda unapoinama, hata kama hesabu ya mirusho haijafika, na bado hesabu anaitunza.

#12 Nandi77
Baba Mrushaji, mfano wako ni mzuri lakini unanitia shaka zaidi kuhusu mkuki. Kwenye fainali ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 mrusha mkuki alipewa majaribio matatu, na wanane bora waliongezewa matatu, yaani sita tu kwa muda unaoweza kupita saa moja. Arshad Nadeem wa Pakistani alirusha mita 92.97 katika jaribio la pili, na katika la sita, la mwisho kabisa, akarusha mita 91.79. Nyonga yake ilichoka wapi? Fainali hiyohiyo Yego, akiwa na miaka 35, alirusha mita 87.72 na kushika nafasi ya tano. Nathubutu kusema kwamba uchovu wa nyonga ni ugonjwa wa uwanja wa mazoezi, na mashindano hayauoni.

Ninachokiona kwenye mashindano ni kinena. Neeraj Chopra wa India aliumia kinena kwenye mashindano ya dunia ya Eugene mwaka 2022, akapata fedha kwa mita 88.13, kisha akajitoa kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham. Misuli ya ndani ya paja ndiyo inayokamata miguu isitawanyike mrushaji anapokita. Pengine tunautafuta udhaifu ubavuni, nao umejificha upande wa ndani.

#13 Fundi Mizani
Nandi77, hilo la majaribio sita lina uzito. Ila kumbuka kwamba jeraha hujengwa mazoezini na hulipuka kwenye mashindano. Sentimita 19 za mwalimu ni za mazoezini, na kiwiko kiliuma kesho yake, si siku ya fainali.

#14 Mlinzi wa Mikono (Unguja)
Nimefuatilia tangu mwanzo, na nina swali kwa wote wa kambi ya mguu. Mimi hucheza mpira wa mikono. Katika mrusho wa kuruka, mpira unapoondoka miguu yetu yote miwili iko hewani. Hakuna kinachokitwa, hakuna breki, hakuna udongo wa kufagia. Hata hivyo tunarusha kwa nguvu, na kipindi cha pili mirusho inalegea kama kwenu. Nyonga gani imechoka wakati hakuna mguu uliosimama?

Mimi nahisi ni kiwiliwili. Hewani, mguu wangu wa kulia uliokunjwa hurudishwa nyuma kwa nguvu wakati mabega yanageuka mbele, na kinachounganisha safari hizo mbili zinazopingana ni tumbo na mgongo. Nikichoka tumbo, nauhisi mwili wangu ukikatika katikati: miguu inafanya lake na mabega yanafanya lao.

#15 Bi Maabara
Mchango wa Mlinzi ndio ulionifurahisha kuliko yote, kwa sababu unaondoa ardhi tubaki na mwili peke yake. Lakini hata huko hewani ni misuli inayokunja na kunyoosha nyonga inayorudisha mguu wa kulia nyuma, kwa hiyo nyonga haijaachiliwa huru.

Kwa wanaopenda kiwiliwili, mwaka 1996 watafiti Hodges na Richardson wa Australia waliwapima watu waliosimama na kuinua mkono kwa haraka. Kwa watu wazima wa afya, msuli wa ndani kabisa wa tumbo, ule unaozunguka kama mshipi, uliamka kabla ya msuli wa bega unaoinua mkono. Kwa wenye historia ya maumivu ya mgongo ulichelewa. Maana yake mwili hukaza shina kabla ya kutikisa tawi. Naongeza tahadhari: watu wale hawakuwa warushaji, na kilichopimwa ni kuchelewa, si kuchoka. Inawezekana uchovu huvuruga saa ya misuli hata pale nguvu yake ingalipo, na kama ni hivyo, kumwambia binti aimarishe tumbo hakutamsaidia ikiwa saa ndiyo iliyopotea.

#16 Fundi Mizani
Hapo Bi Maabara umenigusa. Kwenye jimu ninakofanyia mazoezi wapo wanaokaa kwenye planki dakika nne bila kutetemeka, na ukiwapa mkuki hawafiki mita 25. Daktari Biering-Sørensen wa Denmark alitoa mwaka 1984 kipimo cha mtu kulala kifudifudi miguu ikiwa imefungwa na kiwiliwili kikining'inia nje ya kitanda, akahesabu sekunde hadi mtu ashindwe. Ni kipimo kizuri cha ustahimilivu wa mgongo, lakini mrusho hauchukui hata sekunde moja tangu mguu ukite. Kustahimili dakika nne na kukaza kwa sehemu ya kumi ya sekunde ni kazi mbili tofauti, na sioni kwa nini moja iizae nyingine.

#17 TibaViungo
Fundi, hazizaani moja kwa moja, nakubali. Lakini mrushaji wa mazoezini anaomba kukaza kwa sehemu ya kumi ya sekunde mara ishirini, thelathini, arobaini. Mara ya kwanza haihitaji ustahimilivu, na ya arobaini inauhitaji.

#18 Mdau wa Viwanja
Nimekubali kurekebishwa kuhusu Rio na kuhusu laktiki, ahsanteni. Naomba kuuliza jambo ambalo wataalamu wameliruka. Wanafunzi wa mwalimu wanarusha saa ngapi, na wamekula nini? Nilisoma shule ya kutwa. Saa nne tulikunywa uji wa kikombe kimoja, mazoezi yalianza saa kumi jioni, na katikati hapakuwa na kitu. Kufikia mrusho wa kumi hata macho yangu yalikuwa yamechoka. Tukimpima nyonga mtu ambaye tumbo ni tupu na hajanywa maji tangu asubuhi, tutakuwa tunapima njaa.

#19 Nandi77
Mdau, mara hii sikurekebishi hata neno moja.

#20 TibaViungo
Nami namuunga mkono, na naongeza dawati. Mwanafunzi anayekaa saa saba kwenye benchi huingia uwanjani na misuli ya mbele ya nyonga iliyofupika na makalio yaliyolala. Mguu wa kushoto unapokita, fupanyonga lazima lizunguke juu ya mfupa wa paja, na nyonga isiyoweza kugeukia ndani vya kutosha hulisimamisha katikati ya safari. Kwa nje inafanana kabisa na uchovu: vidole vinafunguka kushoto, kiwiko kinashuka. Ila huo ni ukakamavu, yaani kiungo kilichokaza, na dawa yake ni nyingine.

#21 MkukiMrefu
Wanajukwaa, narudi na mrejesho baada ya wiki tano. Nimefuta kichurachura siku za kurusha na kukihamishia Ijumaa. Sasa wanarusha kwanza wakiwa wabichi, wanapumzika dakika tatu kwa saa yangu ya mkononi, na mikuki inafuatwa na wale walio kwenye zamu ya kupumzika, kwa kutembea. Mkuu wa shule amekubali warushaji wapate mihogo na maji saa tisa na nusu. Hilo ni shukrani kwa Mdau.

Binti alirudi uwanjani baada ya kuruhusiwa, na nimemwekea mwisho wa mirusho 20 kwa siku. Katika mrusho wa ishirini mguu wake sasa unaburuzika sentimita 8, na kiwiko hakijauma tena. Ningependa kusema kwamba tumepata jibu, lakini kuna mambo mawili yananizuia. La kwanza, nilimfanyia kile kipimo cha mguu mmoja akiwa hajarusha hata mara moja, asubuhi, na kiuno chake cha kulia kilishuka papo hapo. Kwa hiyo ule haukuwa uchovu tu, udhaifu ulikuwepo tangu akiwa mbichi. La pili, nina mvulana wa kidato cha nne anayeburuzika sentimita 14 hadi 15, na mabadiliko yote haya hayakumgusa. Akisimama kwa mguu mmoja kiuno chake kinakaa mlalo kama pima maji ya fundi. Njumu anazo.

#22 Fundi Mizani
Mvulana huyo ni wangu. Mpunguzie mbio. Mwambie aanze hatua nane badala ya alizozizoea, upime tena.

#23 Mama Kisahani
Mvulana huyo ni wangu mimi. Umefagia mguu wa kulia?

#24 MkukiMrefu
Bado, mama. Nimekuwa nikifagia mita mbili za mwisho pekee.

#25 TibaViungo
Kabla ya kumgawana kijana wa watu, mwalimu amlaze chali, akunje goti lake la kushoto pembe mraba, kisha apeleke unyayo nje taratibu ili paja lizunguke ndani. Afanye hivyohivyo mguu wa kulia na alinganishe. Kushoto kukigoma mapema, nitadai ni ukakamavu.

#26 Baba Mrushaji
Na umpige picha za video kutoka nyuma, simu ikiwa usawa wa mkanda, si usawa wa kichwa. Mrusho wa pili na wa kumi na nane, uziweke hapa.

#27 MkukiMrefu
Jumatatu shule inafunguliwa. Nitafagia mita sita nzima ili alama za miguu yote miwili zionekane, nitampima nyonga kama alivyoelekeza TibaViungo, na mikimbio ya hatua nane nitaiweka Jumatano ili mambo mawili yasichanganyike siku moja. Simu ya kupigia video nitaazima kwa mwalimu wa jiografia, kwa kuwa yangu kioo kimepasuka.